Jakarta, Siku Meli Ilipotuacha

Haya, mliouliza nakujibuni wote kwa mkupuo, maana nimechoka kuandika jambo moja mara ishirini. Ndiyo, tumerudi siku sita kabla ya wakati. Ndiyo, tulitoka uwanja wa ndege na mikoba miwili ya mkononi tu, bila sanduku hata moja. Na ndiyo, Mama alikupeni mkono mmoja mmoja pale Dulles asiseme neno, nanyi mkaanza kunong'onezana kwamba labda ni uchovu wa ndege. Si uchovu. Kaeni nikuelezeni.

Ya tiketi na karatasi nayaruka, hayana utamu. Itoshe kwamba Mama ana miaka sabini na miwili, amekaa nami hapa Herndon, Marekani, miaka saba akitazama theluji dirishani, na mimi nilimwahidi meli. Meli yenyewe ilikuwa ya kuondokea Singapuri na kuzunguka miji ya huko. Mwenzetu safarini alikuwa Loretta wa Columbia Heights, yule mwalimu mstaafu, Mmarekani mweusi aliyejifunza Kiswahili darasani na anayekizungumza kama anasoma taarifa ya habari. Mama anampenda kwa sababu ndiye mtu pekee Marekani anayemwamkia shikamoo bila kukumbushwa.

Dulles, kwenye foleni ya ukaguzi

Foleni ilikuwa ya saa nzima na nusu. Mashine moja imeharibika, watu wamevua viatu, mtoto wa mtu analia, Mama anakataa kutoa bangili zake kwa kuwa hazijatoka mkononi tangu aolewe. Mimi kazi yangu ni kupiga picha za mionzi hospitalini, kwa hiyo nilikuwa namweleza afisa kwa upole kwamba dhahabu itaonekana tu, haina pa kujificha. Simu yangu ilikuwa kwenye sinia pamoja na viatu. Ilipotokea upande wa pili ilikuwa inawaka.

Ujumbe ulitoka Unguja, kwa Nasra, binti wa mamkubwa Saada. Mamkubwa Saada ndiye dada wa pekee wa Mama, na alikuwa amelazwa huko kwa ugonjwa wa sukari. Nasra aliandika hivi: "Mama ametutoka alfajiri. Anazikwa leo. Usimwambie mama mdogo kwenye simu, ana presha. Mwangalie usoni wewe mwenyewe kwanza."

Nilimwangalia usoni. Alikuwa amekaa kwenye kiti anavaa viatu, anacheka na Loretta habari za bangili.

Nikakuandikieni nyinyi, kundi zima. Mnakumbuka mlivyonijibu. "Usim-stress mzee wa watu kwenye flight, dada," aliandika mmoja wenu wa Arlington. "Mwache a-enjoy, akirudi tutakuja wote tumkalie." Wengine mkaunga mkono. Kwetu habari ya kifo haitupwi kwenye simu wala uwanja wa ndege. Watu wanakuja nyumbani, wanakaa, na mwenyewe anafahamu. Mjomba wangu wa Unguja naye akasema hivyohivyo. Nikamweleza Loretta chooni. Akatoa macho. "Lakini ni dada yake," akasema. "Kwa nini hamumwambii?" Nikamwambia tutamwambia, si hapa tu.

Kazini kwangu naona uvimbe kwenye kifua cha mtu, kisha natabasamu na kumwambia vaa shati lako, daktari atakupigia. Nimezoea kufunga mdomo. Nilidhani nitaweza.

Melini, uongo wa kila asubuhi

Simu ya Mama niliizima nikamwambia baharini inashika yangu tu. Kila asubuhi, kabla ya chai, aliniuliza: "Zuwena, Saada kaamkaje leo?" Nami nikajibu: "Hajambo, Mama. Nasra anasema amekunywa uji."

Nilimnywesha marehemu uji siku nane. Siku ya tano nikazidisha, nikasema amekaa kitandani na kuomba mkate wa ufuta. Mama akafurahi mpaka akaenda kupakwa hina na msichana mmoja wa Kihindi aliyekuwa akifanya kazi ya urembo melini. Akacheza bahati nasibu ya namba na wazee wa Florida bila kujua namba zenyewe kwa Kiingereza, na akashinda kofia. Alivaa lile dera la njano. Zile picha mlizozisifu, mnazo. Mimi nilikuwa nakula kama mgonjwa na usiku silali, nikimsikia akikoroma kwa raha kitanda cha pili.

Kutoka bandarini, basi namba nne

Siku ya tisa tukatia nanga Jakarta. Tulipewa vibandiko vya kubandika kifuani, basi namba nne, na onyo lililorudiwa mara tatu kwenye vipaza sauti: saa kumi na nusu jioni kila mtu awe ndani ya meli, atakayechelewa asisubiriwe. Wazee wa Florida walicheka. Mimi nikaiandika saa hiyo kiganjani.

Kiongozi wetu aliitwa Wulan, mwanamke wa makamo, mtandio wa rangi ya maji ya bahari, sauti ya mtu aliyelea watoto wengi. Alituambia mjini ni karibu, kilomita chache tu. Tukatumia saa nzima na nusu. Nyinyi mnaolalamikia foleni ya daraja la kuingia Arlington asubuhi, mna deko. Malori ya makontena mbele, malori nyuma, na pikipiki zinapita katikati kama maji. Pikipiki moja ilibeba baba, mama, watoto wawili na friji ndogo. Mama alikuwa amebandika uso kwenye kioo. "Watazame," akasema, "mitandio yao kama yetu. Hawa si wageni hawa."

Mji mkongwe, na chakula

Wakatushusha kwenye uwanja mkubwa wa mawe, majengo meupe ya Wadachi pembeni, na baiskeli za kukodisha zilizopakwa rangi za peremende, kila moja na kofia yake ya ukili. Loretta akapanda ya waridi, akazunguka akipiga kengele. Jua lilikuwa kali la kukausha ulimi.

Mama hakutaka majumba. Alitaka kujua watu wanakula nini. Kulikuwa na mzee anakaanga wali mbichi kidogo na yai la bata juu ya makaa, anautandaza kwenye kikaango, kisha anakigeuza kifudifudi juu ya moto, chakula kisidondoke. Mama akashika kifua. Akanunua ule kama mkate, akaunusa, akaonja. "Nazi imekaangwa," akatangaza. "Na kamba wakavu." Akamwambia yule mzee kwa Kiswahili kwamba chumvi imepungua. Yule mzee akamjibu kwa lugha yake kwa kirefu, na wote wawili wakatikisa vichwa kwa kuelewana kabisa. Mama akaniambia: "Mnunulie na Saada nazi hiyo iliyokaangwa, Nasra atampikia."

Nikanunua. Mfuko mzima. Nilikuwa nimefika pale pa kumnunulia zawadi maiti, na mkono wangu ukatoa na ukapokea kama kawaida. Nilijiogopa.

Msikiti mkubwa

Tulifika adhuhuri ikikaribia. Wulan akasema wanaotaka kusali wasali, wengine watatembezwa, saa saba kasorobo kila mtu basini. Mimi siku hiyo sikuwa na sala. Nikampeleka Mama mpaka kwa wanawake, nikamwacha akitawadha, nikatoka. Loretta alikaa kivulini karibu na mahali pa viatu akijipepea. Nikaenda kutafuta maji ya kunywa, na foleni ya maji nayo ilikuwa na mambo yake.

Niliporudi, viatu vya Mama havipo. Loretta yupo, ametulia, macho yamelowa kidogo.

"Mama yuko wapi?"

"Mama yako ameondoka kwa gari dogo jeupe," akasema Loretta kwa Kiswahili chake kilichonyooka. "Pamoja na wanawake wengi."

Nilisikia, lakini sikuelewa. "Ameondoka kwenda wapi?"

"Msibani. Baada ya sala walimsalia maiti, jeneza lilikuwa na kitambaa cha kijani. Wanawake wale walitoka wakilia, na Mama alitoka nao, amemkumbatia mmoja. Akaniambia, 'Loretta, nakwenda msibani, mwambie Zuwena anifuate.' Nikamwambia, 'Pole sana, Mama, kwa msiba wako.' Naye akasema, 'Msiba ni wetu sote.' Basi nikajua kwamba hatimaye umemwambia."

"Sijamwambia!"

Loretta akaweka mkono mdomoni.

Nikakaa juu ya viatu vya watu. Nyinyi mnamjua Mama. Kwao Mkunazini, kule Unguja, jeneza halimpiti mtu hivihivi, na mwanamke akiona wenzake wanalia haulizi ukoo, anaingia. Herndon amekosa la kuingia miaka saba, misiba yote anaitazama kwenye simu. Leo kaona jeneza, kaona mitandio, kaona gari lina nafasi. Akapanda. Katika mji wa mamilioni ya watu, bila simu, bila hata jina la meli.

Bendera za njano

Wulan hakunigombeza. Alilikabidhi kundi kwa mwenzake wa basi namba tano pamoja na Loretta, akaenda kuzungumza na walinzi wa msikiti. Mmoja akamwambia marehemu ni mama mtu mzima wa mtaa ulio ng'ambo ya reli. Jina la mtaa alilijua, nyumba hakuijua.

"Nyumba tutaiona," Wulan akaniambia kwa Kiingereza. "Wewe tafuta bendera za njano."

Tukapanda bajaji, ndiyo, bajaji hasa, ya buluu, nami nikashangaa hata katika hali ile. Ilipofika saa saba na nusu tulikuwa tunaingia vichochoro visivyozidi upana wa mikono miwili. Nikaona karatasi ya njano imefungwa kwenye kijiti, imechomekwa kwenye nguzo ya umeme. Mbele kidogo nyingine, kwenye kona. Wulan akanieleza kwamba mtu akifa huko, majirani huweka bendera hizo kuanzia barabarani mpaka mlangoni, ili hata asiyemjua marehemu afike. Tukashuka, tukazifuata kwa miguu. Kichwani nilikuwa naomba kitu kimoja tu: nimkute, nimtoe, tuwahi meli, na siri yangu ibaki mahali pake.

Kwa wenyewe

Nilimkuta uani. Amekaa kwenye mkeka katikati ya wanawake kama kumi na watano, amekunja mikono ya dera, anamenya vitunguu. Msibani hajawahi kukaa sebuleni mama yangu, hupita moja kwa moja jikoni. Wanaume walikuwa wamekwenda kuzika. Wanawake wanamenya, wanapanga vikeki vya unga wa mchele kwenye masanduku ya karatasi, na Mama keshaonja kimoja na kukubali kwamba ni ndugu yake kitumbua.

"Umekawia," akaniambia. "Kamata kisu."

"Mama, meli!"

"Meli ya chuma ile, haina pa kwenda. Hawa wamefiwa na mama yao. Huyu ndiye bintiye." Akamgusa begani yule aliyekaa kulia kwake, mwanamke wa umri wangu, macho mekundu. Yule mwanamke akanishika mkono kwa mikono miwili, kisha akaiweka yake kifuani.

Nikamwambia Wulan awaeleze kwamba tunaomba radhi, tunaondoka. Akawaeleza. Wakasema sawa, lakini kisomo kinaanza sasa hivi, bibi asome nao kidogo ndipo aende. Akaja mama mmoja na daftari. Kabla ya kusoma, waliohudhuria hutoa majina ya watu wao, yatajwe katika dua.

Mama alipoelezwa, uso ulimng'aa. "Mwambie aandike Saada binti Said," akasema. "Dada yangu, yuko hospitali. Waombe apone. Waombe kwa nguvu, dua ya msibani haina pazia."

Nikamfasiria Wulan jina tu. Saada binti Said. Wulan akawaambia. Mwenye daftari akainua kalamu, akauliza kitu, na Wulan akanigeukia:

"Anauliza, huyu Saada yu hai au amefariki? Wanasoma tofauti."

Mama akaniangalia, anangojea nimfasirie. Kumwambia Wulan yu hai ni kumwombea marehemu apone, mbele ya Mungu, katika nyumba iliyotoa maiti ambayo hata haijafunikwa udongo sawasawa. Uongo wa uji niliuweza. Huu sikuuweza. Nikasema kwa Kiingereza, kwa sauti ya chini, nikijua Mama hatashika neno: "Amefariki. Mama hajui. Tafadhali usiseme."

Wulan aligutuka. Lakini mwenye daftari alikuwa akimwangalia mdomoni, akisubiri, naye Wulan akamjibu kwa lugha yao, taratibu, neno moja tu na jina.

Sikuwaza. Wallahi sikuwaza. Miaka yangu yote ya kuficha majibu ya watu, sikuwaza kwamba wanawake wale wangefanya vilevile kama wanavyofanya wa Mkunazini. Visu vikawekwa chini. "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," wakasema wote kwa pamoja, na Mama naye akaitikia kwa mazoea, kwa msiba wa mtu asiyemjua. Kisha wakamjia. Wakapiga magoti wakamzunguka, mmoja akamfuta mikono vitunguu, mwingine akamshika kichwa. Yule binti wa marehemu, aliyefiwa asubuhi ile ile, akamkumbatia Mama akaanza kulia upya.

Mama akaniangalia juu ya bega lake.

"Zuwena. Hawa wananipa pole ya nini?"

Nikaokota kitunguu, nikakirudisha.

"Zuwena."

"Mamkubwa, Mama. Mamkubwa Saada."

"Lini?"

"Siku tuliyoondoka. Alfajiri."

Hakupiga kelele. Nilikuwa nimejiandaa kwa presha, kwa kuzirai, kwa kofi. Alitazama hina mikononi mwake, kisha akatazama dera lake la maua, akavuta kanga ya mtu iliyokuwa karibu akajifunika nayo mpaka chini. Walikuwa wameshaanza kumtikisa polepole kama anavyotikiswa mfiwa.

"Umeniacha nicheke siku tisa," akasema.

Hilo tu. Hakusema kwa nini umenificha. Nimewaza maneno mengi ambayo angeweza kuniambia, na hakuna ambalo lingeniuma kupita hilo, kwa sababu lilikuwa kweli. Nilimpiga picha akicheka. Nikakutumieni.

Saa kumi na nusu

Wakasoma. Walilitaja jina la mama yao, wakalitaja na la mamkubwa, mara kwa mara, Saada binti Said, kwa lafudhi yao, kama la mtu wa mtaa wao. Mama alisoma nao mwanzo mpaka mwisho, sauti haikutetemeka. Wulan alinionyesha saa. Saa nane na nusu. Saa tisa.

"Nenda wewe kwenye meli yako," Mama akaniambia bila kugeuka. "Mimi nipo matangani."

Nikampigia Loretta, nikamwambia atutunzie vitu vyetu melini. Akaanza kulia, akasema samahani mara nyingi, nikamwambia hana kosa, yeye ndiye pekee aliyeuliza swali la maana tangu Dulles. Baadaye, saa ilipofika, nilikuwa nimekaa kwenye ngazi ya nyumba ya watu nakunywa maji ya kikombe cha plastiki. Kiganja changu kilikuwa bado kimeandikwa saa ile. Kwa kweli niliona afueni.

Mama akatoka akaomba simu. Kule Unguja ilikuwa bado mchana. Nasra aliposikia sauti yake alianza kuomba msamaha, na Mama akamkata.

"Nasra, nani alimwosha?"

"Mimi, mama mdogo. Na shangazi Zuhura."

"Maji yalikuwaje?"

"Ya uvuguvugu."

"Saada hapendi maji baridi," Mama akasema. "Hata wakati wa joto hapendi."

"Najua, mama mdogo. Niliyajaribu kwa kiwiko kwanza."

Ndipo Mama akalia. Alilia akiwa amesimama, simu sikioni, na Nasra akalia upande wa pili, na mimi nikaanza nami, siku tisa zangu zote kwa pamoja. Wale wanawake wakatuletea kiti. Tulilala kwao siku mbili. Walimpa Mama nguo nyeupe, na ndizo alizorudi nazo.

Njiani alizungumza nami mambo ya lazima tu, chakula na choo. Juzi kaniambia nimkatie kucha ili hina itoke upesi, nikakata, hakuuvuta mkono. Nadhani tutapatana.

Hitima ya mamkubwa Saada ni Jumamosi hii baada ya adhuhuri, hapa kwetu Herndon. Nilimwuliza Mama, kwa kuwa hali yake ndiyo hii, kama angependa nialike watu wachache tu.

"Wote waje," akasema. "Hasa waliojua."